Uvundo wa Kiyoyozi Haufunikwi kwa Marashi

Mpenzi msomaji wa ukurasa huu wa afya, mwezi huu napenda tuzungumzie jambo ambalo zamani lilikuwa la maofisi na mahoteli tu, lakini sasa limeingia katika nyumba nyingi za waamini hapa pwani: kiyoyozi kinachonuka. Kipupwe kinapokwisha na joto la mwezi wa Novemba linapoanza, watu huwasha mashine zilizokaa kimya tangu Juni. Ghafla chumba kizima kinanuka kama soksi zilizolowa, au kama tambara la kudekia lililosahauliwa ndani ya ndoo. Baba analaumu mbu na mabomba, mama analaumu viatu vya watoto, na mwisho mtu anatumwa dukani kununua kopo la marashi ya kupuliza.

Maoni yangu nayasema tangu mwanzo ili tusipoteze muda. Marashi hayaondoi uvundo, yanauficha, na kuuficha kunaweza kuwa hatari kuliko uvundo wenyewe. Harufu ni dalili. Hospitalini mgonjwa akija na kidonda kinachonuka hatukimwagii manukato. Tunafungua bandeji tuone kilichomo.

Kwanza tuelewe mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana wengi wetu tunadhani kiyoyozi huleta hewa mpya kutoka nje. Sivyo. Viyoyozi vingi vya nyumbani, hasa hivi vyenye sehemu moja ndani ukutani na nyingine nje, huvuta hewa ileile ya chumbani, huipitisha kwenye mabomba ya baridi yaliyofunikwa na vipande vyembamba vya aluminiamu, kisha huirudisha chumbani. Hewa ya pwani imejaa unyevu. Ikigusa baridi ile, unyevu hugeuka matone, kama yale unayoyaona nje ya chupa ya maji iliyotoka kwenye friji. Matone hayo hudondoka kwenye trei iliyo ndani ya mashine na kutoka nje kwa bomba dogo. Siku ya joto kali mashine moja inaweza kutoa ndoo nzima ya maji.

Sasa fikiri. Ndani ya boksi lile kuna maji na giza. Kuna pia vumbi la barabarani, nyuzi za mashuka, unga wa ngozi zetu, na moshi wa mafuta uliotoka jikoni. Kuvu na vijidudu hawahitaji karamu kubwa zaidi ya hiyo. Mashine inapozimwa, kila kitu kinabaki kimelowa mpaka kesho, na kinapowashwa tena feni inatupulizia usoni kile kilichoota usiku.

Je, kuna madhara? Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi ni kero tu: chafya, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha. Lakini katika kila parokia wapo wenye pumu, wapo wazee ambao mapafu yamechoka, wapo wanaotumia dawa za saratani au wenye kinga iliyoshuka. Hao vumbi la kuvu haliwaachi. Mama mmoja alituletea mtoto wa miaka sita aliyekuwa akibanwa kifua kila usiku na kupona kila asubuhi. Walikuwa wamekwisha badilisha dawa mara mbili. Muuguzi mwenzangu alimuuliza swali moja tu: mtoto huyu analala wapi? Alikuwa analala chini ya kiyoyozi ambacho tangu kifungwe miaka mitatu nyuma chujio lake halijawahi kutolewa. Sikusema kwamba kiyoyozi ndicho kilichompa mtoto pumu. Pumu alikuwa nayo. Lakini walipokisafisha, na mtoto akaendelea kutumia dawa zake kama alivyoelekezwa, usiku wao ulitulia.

Hapo hapo nisiwatie watu hofu isiyo na sababu. Wapo wanaosema kiyoyozi huleta nimonia. Nimonia huletwa na vijidudu. Baridi peke yake haitoshi. Pengine wamesikia habari ya mwaka 1976, pale wanajeshi wastaafu wa Marekani walipokutana hotelini mjini Philadelphia, na watu zaidi ya 200 wakaugua na 34 wakafa kwa ugonjwa wa mapafu usiojulikana. Mwaka 1977 wataalamu walimtambua kijidudu chenyewe, wakamwita Legionella. Lakini huyo hupenda maji ya uvuguvugu ya mitambo mikubwa ya kupooza majengo na matangi ya maji. Kiyoyozi kidogo cha nyumbani, ambacho hakitumii mtambo wa maji wa namna hiyo, hakijulikani kuwa chanzo cha ugonjwa ule. Kwa hiyo tusikimbie mashine. Tuisafishe.

Usafi wenyewe si kazi ya ajabu. Zima kiyoyozi, tena si kwa rimoti tu, bali swichi ya ukutani au ile ya kwenye ubao wa umeme. Fungua mfuniko wa mbele, vuta chujio taratibu. Kama lina vumbi jingi, funga kitambaa puani, hasa ukiwa na pumu. Au afadhali mwenye pumu amwachie mwingine. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, likaushe kivulini mpaka likauke kabisa, maana jua kali hulipinda. Usilirudishe likiwa bichi, na usiwashe mashine bila chujio hata kwa saa moja. Kila wiki mbili inatosha wakati wa matumizi. Mnaokaa kando ya barabara ya vumbi, fanyeni kila wiki.

Jambo la pili ni dogo na halina gharama kubwa. Kabla ya kuzima kiyoyozi asubuhi, kiache kipulize upepo mtupu bila baridi kwa nusu saa hivi, ili ndani pakauke. Rimoti nyingi zina alama ya feni kwa kazi hiyo. Ni ajabu jinsi nusu saa hii inavyopunguza uvundo.

Mabomba ya baridi, feni ya ndani na trei, hayo ni ya fundi. Hapa pwani ningeshauri mara mbili kwa mwaka, moja baada ya masika na nyingine kabla ya joto la kaskazi. Nami nina neno na mafundi wetu, kwa heshima zote. Fundi wa kweli hufunika sehemu za umeme kwa nailoni, hufunga mfuko chini ya mashine, hupuliza maji taratibu, na maji machafu meusi unayaona kwa macho yako kwenye ndoo. Yule anayefika, anapuliza kitu chenye harufu ya limau kwa mbele, anafuta mfuniko na kudai malipo, huyo amekuuzia marashi. Baya zaidi ni lile la kuambiwa kila mwaka kwamba “gesi imeisha, tuongeze.” Gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa. Ikipungua maana yake kuna tundu, na tundu huzibwa kwanza. Wala kuongeza gesi hakuondoi uvundo wa kuvu. Kaa hapo, angalia, uliza.

Na kazi hii ifanywe na nani? Naomba nisieleweke vibaya, lakini nimechoka kuona dada wa kazi wa miaka kumi na tisa anapandishwa juu ya stuli inayoyumba, na kitambaa kilicholowa mkononi, mashine ikiwa inawaka, huku vijana wenye nguvu wamekaa sebuleni wanatazama mpira. Yeye naye ana mama yake. Kama ndiye atakayesafisha chujio, afundishwe kuzima umeme kwanza, apewe ngazi imara, na mtu amshikie.

Turudi kwenye marashi. Makopo ya kupuliza yana kemikali zinazowasha njia ya hewa ya mwenye pumu, na nyingi ya gesi zinazosukuma marashi yale hushika moto. Kupuliza kwenye mdomo wa mashine yenye umeme ni jambo la kujitafutia. Wengine huchoma udi au ubani kwenye chetezo na kufunga madirisha ili harufu “ikolee.” Ubani una mahali pake altareni, na kanisa lina milango mipana. Chumba cha kulala cha mtoto mchanga si mahali pa moshi wowote, hata uwe wa kunukia namna gani.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kuzuia nondo na mende. Siku hizi naona watu wanavitundika kwenye mfuko wa wavu mbele ya kiyoyozi, ili upepo usambaze harufu nyumba nzima. Wazazi wangu, hilo lisifanyike, hasa penye mtoto mchanga. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng’enya kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Upungufu huu hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na ni wa kawaida katika sehemu zilizoishi na malaria vizazi kwa vizazi, pwani yetu ikiwamo. Mzazi hawezi kuujua kwa kumtazama mtoto. Anazaliwa mzima, ananyonya vizuri, analia kama wengine. Akivuta hewa ya naftalini, au akifunikwa blanketi lililohifadhiwa nayo, chembe zake za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi. Mtoto hupauka, hulegea, macho na ngozi huwa ya njano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Manjano ikizidi kwa mtoto mchanga huweza kufika kwenye ubongo na kumwachia ulemavu wa maisha, au kumwua.

Nimesimama kando ya kitanda cha mtoto wa wiki mbili wa namna hiyo. Bibi yake alikuwa ametoa blanketi zuri sandukuni kwa upendo mtupu, na chumbani walikuwa wametundika vidonge. Alihitaji kuongezewa damu. Bibi yule hakuwa na kosa, maana hakuna aliyewahi kumwambia, wala kwenye pakiti hapakuwa na maandishi ya lugha anayoisoma. Ndiyo maana naandika. Nguo zilizokaa na naftalini zifuliwe na kuanikwa juani kabla hazijamgusa mtoto, na vidonge vyenyewe visiwepo katika nyumba yenye mtoto mchanga. Ukiona dalili nilizotaja, usingoje kesho. Mlete mtoto hospitali siku hiyohiyo, na umtajie muuguzi neno naftalini.

Tahadhari nyingine ni ya dawa ya kufulia yenye klorini. Watu huimwaga kwenye trei ili kuua kuvu, wengine huichanganya na siki wakidhani nguvu itazidi. Klorini hula aluminiamu, na ikichanganywa na siki au dawa nyingine yenye asidi hutoa gesi inayochoma mapafu. Sabuni na maji vinatosha.

Si kila harufu ni ya kuvu. Ikinuka mzoga, ni mzoga: mjusi kafiri au panya ameingia na kufia ndani, na hakuna cha kufanya ila kufungua na kumtoa. Ikinuka choo, tazama bomba la maji la kiyoyozi limeishia wapi. Mafundi wengine huliunganisha moja kwa moja na bomba la maji taka, na hewa ya karo hupanda mpaka chumbani. Bomba hilo liishie peke yake mahali pa wazi.

Na mkiweka ndoo ya kukingia maji hayo, imwagwe na kusuguliwa kila siku. Maji yale ni masafi machoni, na mbu wa dengi hupenda hasa maji masafi yaliyotulia. Dar es Salaam haijasahau milipuko ya dengi ya mwaka 2014 na 2019. Nyanya na maua mnaweza kumwagilia kwa maji hayo. Kunywa, au kumchanganyia mtoto maziwa, hapana.

Harufu ya kuungua haina mjadala. Zima swichi kuu, usimwage maji, na usirudishe swichi iliyojiangusha yenyewe mara ya pili na ya tatu kwa matumaini. Ita fundi umeme. Kuna pia harufu inayofanana na samaki ambayo hutoka kwenye plastiki za umeme zinapopata moto kupita kiasi. Kwa sisi watu wa pwani hii ni shida, maana nyumba gani hainuki samaki? Lakini kama hakuna aliyekaanga kitu na harufu inazidi karibu na mashine au soketi, zima. Kama ungekuwa umejaza chumba marashi, hiyo usingeisikia kabisa, na hiyo ndiyo sababu yangu kubwa ya kuyapinga.

Wakati mwingine mashine haina kosa, na chumba ndicho kinachonuka. Anayeweka baridi ya nyuzi 16 mchana na usiku hupoza kuta mpaka zinatoka jasho, na kuvu huota nyuma ya kabati na chini ya godoro. Weka nyuzi 24 hadi 26, utalala vizuri na bili ya umeme itakuwa na huruma. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si’ wa mwaka 2015, alitaja viyoyozi kwa jina kama mfano wa matumizi yanayozidi kuongezeka bila kujiuliza. Sidhani kama alikuwa akimsema bibi anayepumua kwa shida mwezi wa Februari. Ila upepo wa jioni wa bahari ni bure, na tumeanza kuusahau.

Ipo hewa mbaya isiyo na harufu yoyote, na hapo pua haitusaidii. Jiko la mkaa likiingizwa katika chumba kilichofungwa, au jenereta likiwashwa chini ya dirisha umeme unapokatika, hutoka gesi inayoua watu usingizini bila kunuka. Kiyoyozi hakiiondoi gesi hiyo, kinaizungusha tu. Jenereta likae mbali na madirisha na matundu yote ya nyumba, na mkaa ubaki nje mpaka uzimike.

Jambo la mwisho linahusu jumuiya zetu ndogo ndogo. Tunaposali rozari mwezi wa Oktoba, watu ishirini na tano hukaa katika sebule moja, na mwenye nyumba kwa ukarimu hufunga madirisha yote na kuwasha kiyoyozi. Mashine inaweza kuwa safi, chumba kikanukia waridi, lakini tunapumua hewa ileile iliyopita katika vifua vya wote. Kifua kikuu huenea hivyo hasa: hewani, ndani, madirisha yakiwa yamefungwa, kutoka kwa mtu ambaye bado hajui kwamba anaumwa. Florence Nightingale, katika kitabu chake cha uuguzi cha mwaka 1859, aliiweka hewa safi mbele ya mambo yote, kabla hata ya vijidudu vya kifua kikuu kutambuliwa mwaka 1882. Jumuiya ikikusanyika, fungueni madirisha mawili yanayoelekeana na mtumie pangaboi, au kaeni barazani. Kwa chumba cha kulala, kifunguliwe kila asubuhi jua liingie.

Na yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, au anayetoka jasho usiku na kupungua uzito, asisingizie kiyoyozi. Aende kituo cha afya akapimwe makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.